Kamba Imekatika: Vitenzi vya Kukata katika Kiswahili na Kiingereza

Mlangali ni kata mojawapo ya Wilaya ya Ludewa, katika nyanda za juu za Mkoa wa Njombe. Ni nchi ya baridi, nchi ya mahindi, maharage na viazi mviringo, na tena ni nchi ya miti ya kupandwa: misindano, mikaratusi na miwati. Apitaye huko siku ya kazi husikia sauti ya chuma ikigusana na mti tangu asubuhi hadi jioni. Hapa msindano unaangushwa. Pale matawi ya mwingine yanapogolewa. Gogo linakatwa mapande, na mapande yanapasuliwa mbao. Nyuma ya nyumba kuni zinachanjwa. Jikoni viazi vinamenywa na mboga inakatwakatwa. Seremala anachonga mpini wa jembe, na kwenye uwanja wa shule wanafunzi wanafyeka nyasi kabla ya kengele ya vipindi. Vitenzi vyote hivyo vinahusu kazi moja, yaani kukitenga kitu kwa kutumia makali, na hakuna mtu wa Mlangali, awe mzee au mtoto, anayevichanganya. Hakuna asemaye kuwa amefyeka kiazi, wala kuwa amechonga nyasi.

Mtoto huyo huyo akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Kwa wengi hiyo ni lugha ya tatu, maana nyumbani wameanza na Kipangwa na katika shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili. (Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, mbunge kutoka Njombe kwa miaka mingi, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari pia; pendekezo hilo halikutekelezwa.) Anapoagizwa kuandika insha juu ya kazi za siku ya Jumamosi, vitenzi saba au vinane alivyokuwa navyo hugeuka kimoja. Baba "cut the tree", kaka "cut the branches", dada "cut the potatoes", na mwandishi wa insha "cut the grass". Sentensi hizo si makosa. Ni umaskini tu, na kalamu nyekundu ya mwalimu aghalabu huzipita. Lakini ipo sentensi ambayo kalamu hiyo haiipiti kamwe: "The rope cut and the log rolled down." Hapo huwekwa alama ya kosa, na mara nyingi hakuna maelezo.

Maelezo yapo, na yanastahili kutolewa, kwa sababu mwanafunzi aliyeandika hivyo hakubahatisha. Alifuata kanuni ya lugha anayoijua, na kanuni hiyo ni sahihi kabisa mahali pake.

Neno moja lililohama

Kiswahili husema: kamba imekatika. Kiambishi -ik- kilichoongezwa kwenye kitenzi "kata" humwondoa mtendaji katika sentensi, kikabakiza kitu chenyewe na hali iliyokipata. Hakuna aliyeikata kamba. Imezidiwa na uzito wa gogo, nyuzi zake zikaachana. Wala hapakuwa na kisu. Kwa njia hiyo hiyo umeme hukatika, simu hukatika, daraja hukatika wakati wa masika, na pumzi hukatika mtu apandapo mlima. Ijapokuwa kamusi hufasiri "kata" kwa "cut", maana ya msingi ya neno la Kiswahili haimo katika makali. Imo katika kukoma kwa mwendelezo: kitu kilichokuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho sasa kina pengo. Ndiyo sababu mtu hukata tamaa, hukata kiu na hukata shauri, na hakuna wembe popote. Hata neno "kata", lenye maana ya sehemu ya utawala kama Mlangali, ni nchi iliyotengwa na nchi nyingine kwa mpaka tu.

Kitenzi cha Kiingereza "cut" kimejengwa kwa namna nyingine. Ndani yake mna chombo chenye makali, na mna anayekiongoza chombo hicho. Ukiviondoa, neno halina kazi. Mwaka 1970 mwanaisimu wa Marekani Charles Fillmore alichapisha uchunguzi juu ya sarufi ya vitenzi vya kupiga na vya kuvunja, akaonyesha kwamba vitenzi vinavyoelekea kukaribiana kwa maana huweza kuwa na tabia tofauti katika sentensi, na kwamba tabia hiyo ndiyo inayofichua maana. Mwaka 1993 Beth Levin alikusanya katika kitabu kimoja vitenzi vya Kiingereza zaidi ya 3,000 kwa utaratibu wa namna hiyo. Katika mpango wake "cut", "saw", "hack", "slash" na "snip" vimo katika kundi moja, na "break", "snap", "split", "tear" na "crack" vimo katika kundi jingine. Vitenzi vya kundi hili la pili huweza kusimama bila mtendaji: "The rope snapped", "The cloth tore", "The log split". Vya kundi la kwanza haviwezi. Kamba ya Kiingereza haikatiki yenyewe. Inaweza tu "snap" au "break".

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Kiswahili nacho kina mpaka kama huo. Vitenzi "kata", "pasua", "chana", "rarua" na "vunja" vina wenzao wasiohitaji mtendaji: katika, pasuka, chanika, raruka, vunjika. Lakini "chinja", "nyoa", "fyeka" na "chonga" havina wenzao wa namna hiyo. Mtu akisema kwamba mti fulani unachongeka, anasema kuwa unafaa kuchongwa, si kwamba umejitokea mwiko bila seremala. Akisema mbuzi amechinjika, wasikilizaji watadhani anasifu jinsi kazi ilivyofanyika barabara, au watacheka. Kuchinja bila mchinjaji hakuwezekani, kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza.

Basi mpaka upo katika lugha zote mbili, na kwa sehemu kubwa umepita mahali pamoja. Kilichohama ni neno moja. "Kata" imesimama upande wa "vunja" na "pasua". "Cut" imesimama upande wa "chinja" na "nyoa". Mwanafunzi anayeandika "The rope cut" amelichukua neno la upande mmoja akaliweka upande wa pili kwa sababu kamusi ilimwambia kuwa ni neno lile lile. Safu mbili ubaoni, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, zatosha kumwonyesha hayo kwa dakika kumi, na ni dakika zenye faida kuliko alama nyekundu isiyo na sababu.

Mwalimu makini atapingwa na mwanafunzi makini hapa. Je, Kiingereza hakisemi "This wood cuts easily"? Husema. Lakini sentensi hiyo haielezi tukio lililotokea; inaeleza sifa ya mti, na kwa kawaida huhitaji neno la kusindikiza kama "easily" au "well". Maana yake ni ile ya "chongeka", si ile ya "kamba imekatika jana". Kadhalika kuna "He cut at the branch", ambapo kijineno "at" hudokeza kwamba mapigo yamepigwa na makali yamegusa, lakini huenda tawi halijaachana na mti. Kiswahili hakina kijineno cha namna hiyo na hulazimika kusema kwa maneno zaidi.

Mahali panapojulikana na pasipojulikana

Inafaa kuuliza kama mpaka huu umewekwa na lugha tu, au kama una asili katika vitu vyenyewe. Swali hilo lilishughulikiwa na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Zilitayarishwa filamu fupi 61 zikionyesha watu wakikata karoti, wakivunja vijiti, wakichana vitambaa, wakipiga vyungu kwa nyundo na mambo mengine ya aina hiyo. Wasemaji wa lugha 28 kutoka pande nyingi za dunia waliombwa waeleze walichokiona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 na Asifa Majid, Melissa Bowerman na wenzao.

Idadi ya vitenzi ilitofautiana sana toka lugha hadi lugha. Hata hivyo, chini ya tofauti hizo palionekana mshikamano. Jambo lililotenganisha matukio kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa hili: mtazamaji anaweza kutabiri kwa kadiri gani mahali ambapo kitu kitaachana? Kisu kikishuka juu ya karoti, mahali hapo panajulikana kabla. Nyundo ikipiga chungu, hapajulikani. Vigae vitakwenda vitakavyo. Kuchana kitambaa kwa mikono kuko kati, na lugha nyingi hukupa kitenzi chake chenyewe.

Fizikia ya sekondari inakubaliana na hayo. Kisu kikali hakishindi kwa nguvu bali kwa wembamba: kani ile ile ikielekezwa juu ya eneo dogo huzaa kanieneo kubwa, na kitu huachana pale pale makali yalipo. Katika kuvunja, kani husambaa ndani ya kitu kizima, na ufa huanzia mahali palipo dhaifu kuliko pengine. Mkataji huchagua njia ya ufa. Mvunjaji humwachia kitu kichague.

Lakini mti ni kitu cha pekee, maana una njia yake hata kabla ya shoka kufika.

Nyuzi za mti

Ubao wa msindano ukitazamwa kwa darubini huonekana kuwa fungu la mirija myembamba iliyolala kufuata urefu wa shina. Kila mmoja una urefu wa milimita chache tu, na upana ulio mdogo kuliko urefu huo takriban mara mia. Mirija hiyo ni imara sana ikivutwa kwa urefu, lakini gundi ya asili inayoishikamanisha ubavu kwa ubavu ni dhaifu. Kwa sababu hiyo mti huhimili mvuto wa kufuata nyuzi zaidi ya mara kumi kuliko mvuto wa kuzitenga. Mchanja kuni hulijua jambo hilo bila darubini: husimamisha kipande wima, akapiga shoka kichwani, kipande kikafunguka. Akikilaza na kupiga ubavuni atatoka jasho bure.

Kiswahili kimeliweka jambo hilo katika vitenzi vyake. Gogo hukatwa, yaani nyuzi zake huvukwa. Mbao hupasuliwa, au kama mafundi wengi wanavyosema, huchanwa, yaani nyuzi hufuatwa. Kuni huchanjwa kwa kufuata nyuzi vile vile. Fundi akiambiwa "kata ubao huu" ataupunguza urefu. Akiambiwa "pasua ubao huu" ataupunguza upana au unene. Hakuna haja ya kuongeza neno. Mafundi wa Kiingereza wanayo tofauti hiyo hiyo, nao hutumia "crosscut" kwa kazi ya kwanza na "rip" kwa ya pili. Meno ya misumeno yenyewe hutofautiana: ya kukatia yamenolewa ubavuni kama visu vidogo ili yazikate nyuzi pande zote mbili za mkato, ya kupasulia yamenolewa mbele kama patasi, yakizichokoa nyuzi kwa mfululizo. Aliyewahi kupasua ubao mrefu kwa msumeno wa kukatia anajua gharama ya kuchanganya.

Wala si Waswahili na Waingereza peke yao. Katika kisiwa cha Rossel, nchini Papua New Guinea, huzungumzwa lugha iitwayo Yélî Dnye, ambayo Stephen Levinson aliieleza katika utafiti ule ule wa mwaka 2007. Lugha hiyo huigawa kazi hii yote kwa vitenzi vitatu tu vya msingi: kimoja cha kutenga kwa kufuata nyuzi, cha pili cha kutenga kwa kuzivuka nyuzi, na cha tatu cha kutenga ovyo pasipo kujali nyuzi. Kama makali yametumika au hayakutumika, si hoja.

Ni kweli kwamba "pasua" haiishii kwenye nyuzi. Puto hupasuliwa, yai hupasuliwa, glasi hupasuka. Kinachoviunganisha vyote ni kwamba kitu hufunguka kwa njia yake chenyewe, kikaonyesha ndani au kikaachia kilichomo. Ndiyo sababu daktari naye hupasua.

Watu wa Upangwa wana ukale mrefu na makali. Katika wilaya hiyo hiyo ya Ludewa ndiko kuliko na mawe ya chuma ya Liganga, na Wapangwa walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe na mashoka kabla bidhaa za viwandani hazijaenea. Mtaalamu wa akiolojia Randi Barndon alichapisha mwaka 2004 utafiti juu ya uyeyushaji huo miongoni mwa Wapangwa na Wafipa. Siku hizi mashine ndogo za msumeno wa duara, ambazo watu wa nyanda hizo huziita "ding dong", hufanya kwa saa moja kazi ya siku nyingi za msumeno wa watu wawili. Vitenzi havijabadilika. Mashine nayo hupasua.

Bua moja kwa kila mtahiniwa

Tofauti ya kata na pasua ina uzito wa namna nyingine katika maabara ya biolojia. Mtahiniwa hupewa kipande cha bua la mhindi na kipande cha shina la mharage, akaagizwa atengeneze "transverse section" ya kila kimoja na achore anachokiona. Anayeukata mhindi kwa kuvuka nyuzi ataona vifungu vya mishipa vimetawanyika kama nukta katika uso wa mviringo. Katika mharage ataviona vimejipanga duara. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mashina ya mimea ya ghala moja na ya ghala mbili. Lakini anayepasua badala ya kukata ataona mistari tu katika yote mawili, atachora mistari, na alama zitakuwa zimekwenda. Kipande ni kimoja, na wembe ukishapita haurudi.

Maneno "transverse" na "longitudinal" hukaririwa na husahauliwa, hata na wanafunzi wenye bidii. Mtoto wa Mlangali aliyekwisha kuambiwa mara moja kwamba la kwanza ni kukata gogo na la pili ni kupasua mbao hana sababu ya kuyasahau, maana amekuwa akiyaona nyuma ya nyumba yao tangu alipojifunza kutembea.

Utajiri wa Kiingereza

Haifai kudhani, kutokana na yaliyosemwa, kwamba Kiingereza ni lugha ya "cut" peke yake. Vitenzi vyake vya kukata ni vingi mno, na aghalabu kila kimoja kimebeba moja au mawili kati ya mambo matatu: mwendo wa mkono, chombo, na umbo la kinachopatikana.

"Chop" ni pigo fupi la kushuka, la shoka au la kisu cha jikoni, na hutoa mapande. Ndilo neno la kuni na la vitunguu. "Hack" ni mapigo mengi ya ovyo, ya mtu asiye na chombo kizuri au asiye na subira. "Slash" ni mkono unaopita mbali kwa upana, kama wa mtu mwenye panga. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki "slash" imekuwa neno la kawaida la kufyeka nyasi za shule. Mwingereza akisikia kwamba wanafunzi wametumwa waende wakafanye hivyo asubuhi yote anaweza kushtuka kidogo, maana kwake neno hilo limekaa karibu na jeraha, na nyasi za uwanja yeye husema "mow" au "cut".

Jikoni ndiko Kiingereza kilikojishughulisha sana na umbo. "Slice" hutoa vipande bapa na vyembamba. Ni kitenzi cha mkate, na ndicho kinachokaribia "chanyata" ya ndizi mbichi na muhogo. "Dice" hutoa vipande vya mchemraba, kama dadu. "Mince" hutoa punje ndogo kabisa, ndiyo nyama ya kima. "Shred" hutoa nyuzi, kama sukumawiki iliyokatwa na mpishi aliyebobea. Viazi vya chakula cha jioni vinaweza kuwa "peeled", kisha "sliced" au "diced", na msomaji wa insha ataona sufuria. Akisoma "cut" hataona kitu.

Mitini kuna "lop", ambayo huondoa matawi bila kuhurumia, na "prune", ambayo huyaondoa kwa faida ya mti. Kupogoa chai au mzambarau ni "prune". "Trim" husawazisha kingo. "Strip" huondoa kilicho juu pande zote, na hilo ndilo neno la magome ya miwati, ambayo yamekuwa yakibambuliwa Njombe kwa ajili ya dawa ya kutengenezea ngozi tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa huko mwaka 1949. "Carve" ni kuchonga kwa nia ya kutoa sura. "Whittle" ni kuchonga kijiti kwa kisu kidogo, kibanzi baada ya kibanzi, mara nyingi kwa kupitisha wakati tu.

Kimoja kinahitaji kutazamwa peke yake: "fell". Hakimaanishi kukata, kinamaanisha kuangusha, na kilizaliwa kutokana na "fall", anguka, kwa kubadilisha irabu. Yaani Kiingereza cha kale kilikuwa na mbinu ileile ya "anguka" na "angusha", kisha mbinu ikafa na neno likabaki. Mwanafunzi ajihadhari: wakati uliopita wa "fall" ni "fell", lakini wakati uliopita wa "fell" ni "felled". "He fell the tree yesterday" ni kosa, hata kama mti ulianguka kweli.

"Cut" yenyewe ni mgeni katika utajiri huu. Haionekani katika maandishi ya Kiingereza cha kale. Huanza kuonekana yapata mwaka 1300, na wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake. Kabla ya hapo kazi ya jumla ya kukata ilikuwa ya neno ambalo leo ni "carve". Mgeni akachukua nyumba, mwenyeji akabakiziwa chumba cha uchongaji na nyama ya kuoka. Neno "score" nalo ni la kukata: lilikuwa chale iliyokatwa kwenye kijiti cha kuhesabia. Alama anazopata mwanafunzi katika mtihani wake ni chale hizo hizo.

Sayansi haikutosheka na maneno ya nyumbani, ikachota Kilatini na Kiyunani. Mzizi "sect" wenye maana ya kukata umo katika "section", na katika "dissect", kutenganisha kiumbe sehemu kwa sehemu bila kuziharibu. Neno hilo lina "s" mbili, kwa sababu kiambishi chake ni "dis-". "Bisect", kugawa katika sehemu mbili, ina moja tu. Umo pia katika "intersect", ambayo mwalimu wa hisabati huitafsiri vizuri kabisa anaposema kwamba mistari inakatana, na katika "insect", mdudu, kiumbe ambacho mwili wake unaonekana kama umekatwa vipande. "Atom" kwa Kiyunani ni kisichokatika, jina lililodumu hata baada ya kitu chenyewe kupasuliwa. Na "decide" asili yake ni Kilatini cha kukata na kutenga. Mwingereza pia hukata shauri, ila amesahau.

Hospitali ni mahali ambapo lugha hizi mbili zimeachana kwa namna ya kupendeza. Kiswahili husema wazi: mgonjwa amepasuliwa, na kazi hiyo ni upasuaji. "Surgery" ya Kiingereza imetoka katika maneno ya Kiyunani yenye maana ya kazi ya mkono, na kisu hakitajwi. Kwa chanjo ni hivyo hivyo. "Vaccine" imetokana na neno la Kilatini la ng'ombe, kwa kumbukumbu ya jaribio la Edward Jenner la mwaka 1796, alipotumia ndui ya ng'ombe kumkinga mtu. Kiswahili kilitazama ngozi ya mkono, kikaona chale, kikaita chanjo, kwa kitenzi kile kile cha kuni. Ndui ilitoweka duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977. Chanjo nyingi siku hizi ni sindano, na nyingine ni matone mdomoni, lakini watoto bado huchanjwa.

Yapo pia mahali ambapo Kiingereza hakina neno kabisa. Katika Nyanda za Juu Kusini, mvua zikianza, wagemaji huingia katika mianzi ya ulanzi. Chipukizi hukatwa ncha, mbeta hufungwa chini ya mkato, na kila asubuhi na jioni mgemaji hurudi kuondoa ubamba mwembamba ili utomvu usizibe njia. Kitendo hicho chote, pamoja na kurudiwa kwake, ndicho "kugema". Kiingereza husema "tap", neno lililotokana na kizibo cha pipa, lisilo na makali ndani yake. Mwanafunzi atakaye kisu kionekane itambidi aandike sentensi nzima: "Every morning and evening he shaves a thin slice from the tip of the shoot, so that the sap will keep running." Kitenzi "shave" hapo ni sahihi, kwa kuwa kinachoondolewa ni chembamba, na kinachobaki ndicho kinachotakiwa.